Sura ya Sita: Ramani Kabla ya Greda

Magofu ya pwani yetu mara nyingi hubomolewa na watu wenye kibali mkononi. Mkandarasi ameshinda zabuni ya barabara, mchoro umepitishwa, mkataba una tarehe ya kukabidhi kazi. Dereva wa greda akifika kwenye kilima kidogo kilichojaa vigae, makombe na vipande vya matumbawe, anaona kifusi tu, anakisawazisha na kuendelea na safari yake. Hana kosa. Mchoro aliopewa haukumwambia kwamba chini ya kilima kile kuna msingi wa nyumba, kisima na kaburi, na mhandisi aliyeuchora naye hakuambiwa na mtu.

Kinachouma zaidi ni kwamba mara nyingi kuna mtu aliyejua. Mwanaakiolojia alipita mahali hapo miaka mingi iliyopita, akaokota vigae, akaandika aya moja katika ripoti, na ripoti ikaingia kabatini. Hata kazi kubwa zilizochapishwa kwa heshima zote haziwafikii wanaopaswa kuzisoma. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1965, na mwaka 1974 akatoa matokeo yake katika juzuu mbili zenye ramani, michoro ya kuta na maelezo ya vyungu. Kila mtafiti wa pwani anazitegemea hadi leo. Lakini ofisa ardhi wa wilaya anayepima viwanja hafungui juzuu zile, wala si haki kumlaumu. Kazi yake yote iko kwenye ramani, na kisichokuwepo kwenye ramani yake hakimo katika uamuzi wake.

Sheria tunazo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda, kwa Tanzania Bara, majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Hata hivyo sheria, hata iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kukilinda kitu ambacho mwenye kutia saini hajui kiko wapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mambo ya kale tunahitaji kwenda hatua moja mbele: daftari lenyewe lisipofika mezani kwa anayetoa kibali, mali hupotea huku habari zake zikiwa zimeandikwa vizuri. Sura hii inahusu namna ya kulifikisha daftari hilo mezani kwa kutumia programu za ramani za kompyuta, na inahusu uaminifu unaotakiwa katika kulijaza.

Wazo lililochipuka kwenye misitu ya Kenya

Programu hizi zina historia inayotugusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanajiografia Roger Tomlinson alikuwa akifanya kazi Ottawa, Kanada, katika kampuni ya upimaji kwa ndege iliyoitwa Spartan Air Services. Kampuni hiyo ilitakiwa kutafuta mahali pafaapo pa kupanda misitu nchini Kenya kwa ajili ya kiwanda cha karatasi. Ili kujibu swali hilo ilibidi kulinganisha ramani za mvua, udongo, mwinuko, barabara na makazi, zote kwa pamoja na kwa eneo kubwa. Kwa mkono, gharama ilikuwa haibebeki. Tomlinson akafikiri: kama ramani zingegeuzwa kuwa namba, kompyuta ingeweza kuzilinganisha. Wazo hilo halikutekelezwa Kenya, lakini baadaye lilizaa mfumo wa taarifa za kijiografia wa Kanada, ambao ndio uliotangulia mifumo yote ya aina hii duniani.

Msingi wake haujabadilika. Kila aina ya taarifa inawekwa kwenye tabaka lake: barabara tabaka moja, mito tabaka jingine, mipaka ya vijiji, mashamba, picha za setilaiti, na maeneo ya kale tabaka la peke yake. Matabaka yote yanakubaliana juu ya jambo moja, nalo ni mahali yalipo duniani. Kwa sababu hiyo unaweza kuiuliza kompyuta swali ambalo kabati la ripoti haliwezi kulijibu: katika barabara hii inayopendekezwa, nionyeshe kila eneo la kale lililo ndani ya mita 500 kutoka katikati ya njia. Jibu linakuja kwa sekunde chache, lina majina, lina picha, na linaweza kuchapwa na kuambatishwa kwenye jalada la mradi.

Zamani kikwazo kilikuwa bei. Leo halmashauri yoyote inaweza kutumia QGIS, programu iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na kukuzwa tangu hapo na watu wa kujitolea na taasisi za nchi nyingi. Haina ada ya leseni, inafanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya kawaida, na haihitaji intaneti kila wakati. Kwa ofisi ambayo umeme wenyewe ni wa kubahatisha, hayo si mambo madogo. Kwa hiyo mpango wa kutunza kumbukumbu za mambo ya kale wilayani haupaswi tena kusubiri mfadhili wa programu. Unasubiri mtu wa kukaa chini na kuandika rekodi ya kwanza vizuri.

Rekodi moja, kipengele kwa kipengele

Tuchukue Gereza la Kilwa Kisiwani, ngome iliyosimama ufukweni upande wa kaskazini wa kisiwa, ikitazama mkondo unaokwenda Kilwa Masoko. Kila mgeni anayeshuka mashuani huiona kwanza. Kwenye kompyuta tutaliandikaje?

Kwanza jina, pamoja na majina mengine yote yanayotumika na tahajia zake. Pili umbo: kwa jengo lenye kuta zinazoonekana, tusiweke nukta moja tu, tuchore mzingo wake wote, kwa sababu anayepima kiwanja jirani anahitaji kujua ukuta unaishia wapi. Tatu aina: ngome. Nne kipindi, na hapa panahitaji zaidi ya neno moja, kwa kuwa Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505, na kinachoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani ya karne ya 19 iliyojumuisha mabaki ya kazi ile ya mwanzo. Tano hali ya jengo, pamoja na tarehe ya kuikagua. Mawimbi yamekuwa yakila kuta za upande wa bahari, na hali mbaya ya magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ndiyo iliyoyafanya yawekwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kwa jengo kama hilo, kuandika tu kwamba hali yake ni mbaya hakumsaidii mtu. Picha iliyopigwa kutoka sehemu ile ile kila mwaka, ikiwa na tarehe, humwonyesha mhandisi wa ukuta wa bahari kasi ya mmomonyoko.

Kisha vinakuja vipengele viwili ambavyo wengi huvisahau, navyo ndivyo vyenye thamani kubwa kuliko vyote: mahali hapa tumepajua kwa njia gani, na tuna uhakika kiasi gani. Nukta iliyochukuliwa kwa simu janja ukiwa umesimama mlangoni ina makosa ya mita chache. Nukta iliyosomwa kwenye ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000 ni kitu kingine kabisa, maana milimita moja ya karatasi hiyo ni mita 50 ardhini. Na taarifa inayosema kwamba magofu yako maili mbili kusini mwa kijiji, karibu na mbuyu mkubwa, haistahili kuwa nukta hata kidogo. Ichorwe kama duara pana, na iandikwe wazi kwamba mahali hapo hapajathibitishwa. Kompyuta huonyesha nukta zote kwa ukali ule ule, na asiyejua historia ya kila nukta ataziamini zote sawa.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata watu makini. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya simu yako inatumia mfumo wa WGS84. Mifumo hii miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia wala kitovu chake. Ukichukua latitudo na longitudo kutoka kwenye ripoti ya zamani, ukaziingiza kwenye programu bila kuieleza kwamba ni za Arc 1960, kila kitu cha Kilwa kitahama zaidi ya mita 200 kuelekea kaskazini na kusogea kidogo magharibi. Gereza liko ufukweni upande huo huo wa kaskazini. Matokeo yake, kwenye skrini yako litasimama ndani ya maji.

Kosa la Gereza angalau linajifichua lenyewe, kwa kuwa kila mtu anajua ngome ile haiko baharini. Lenye hatari ni kosa hilo hilo likitokea bara, kwenye shamba la minazi au pori la kawaida. Hapo nukta iliyohama inaonekana ya kawaida kabisa. Hifadhi ya barabara kuu nchini Tanzania ni mita 60 kwa upana. Kosa la mita 200 ni zaidi ya mara tatu ya upana huo, linatosha kuifanya barabara ionekane salama wakati inapita juu ya makaburi, au kusababisha mradi usimamishwe bila sababu, jambo ambalo litawafanya wahandisi wasiuamini mfumo wetu tena. Dawa yake ni kipengele kimoja katika rekodi: vipimo hivi ni vya mfumo gani. Programu yenyewe itafanya hesabu ya kubadilisha.

Ramani na michoro ya wachimbaji wa zamani nayo huingizwa kwa namna hiyo hiyo ya uangalifu. Mchoro unapigwa picha au kuskaniwa, kisha unatafuta juu yake mambo ambayo bado yapo ardhini na yanaonekana kwenye picha ya angani: kwa Kilwa Kisiwani, pembe ya Msikiti Mkuu, ukingo wa kisima, kona ya jumba la Husuni Kubwa. Unahitaji angalau pointi nne zilizosambaa, si zilizorundikana upande mmoja. Programu inaunyoosha mchoro hadi ukae mahali pake. Mara nyingi hapo ndipo mtu anapotambua kwamba shimo la uchimbaji wa miaka ya 1960 lipo chini ya uwanja ambao leo kila mtu anautumia kama njia.

Vyungu vyenye majina mawili

Ukishaingiza rekodi mia moja kutoka kwa watafiti kumi, utakutana na ugomvi wa majina. Watu wa pwani kati ya karne ya 7 na ya 10 walitengeneza vyungu vilivyochorwa pembetatu shingoni. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate, aliviweka katika mapokeo aliyoyaita ya Tana. Felix Chami, aliyefanya kazi kubwa Tanzania Bara, aliviita kwa mapambo yake ya pembetatu zilizochanjwa. Kila jina limebeba hoja kuhusu chimbuko la watu wa pwani, na hoja hiyo ni halali kabisa vitabuni. Lakini kompyuta haijui hoja. Ukitafuta neno "Tana", maeneo yote yaliyoandikwa kwa jina la pili yatajificha, na ramani yako itaonyesha nusu ya pwani kuwa tupu kwa sababu tu ya chaguo la neno.

Njia ya busara ni kuweka vipengele viwili. Kimoja kinabeba maneno ya mtafiti mwenyewe kama alivyoyaandika, bila kuguswa, kwa sababu huo ni ushahidi. Cha pili kinachaguliwa kutoka kwenye orodha fupi iliyokubaliwa na ofisi: karne, aina ya eneo, aina ya ushahidi. Orodha hiyo lazima iwe na nafasi ya kusema "haijulikani", maana mwandishi anayelazimishwa kuchagua atabuni.

Majina ya mahali yana tabu yake pia. Kijiji huhama, mtaa hubadilishwa jina, eneo moja huitwa Gede na Gedi, na mtu akiandika jina peke yake kumbukumbu inagawanyika mara mbili. Ndiyo maana wanaakiolojia wa Afrika walibuni namba za utambulisho zinazotokana na mahali penyewe. Katika mfumo wa Charles Nelson, unaotumika sana Kenya, bara zima limegawanywa katika miraba, na kila mraba mdogo una dakika 15 kila upande, yaani karibu kilomita 28 katika eneo la ikweta. Mlima Lukenya, karibu na Nairobi, una eneo linaloitwa GvJm22: herufi nne za mwanzo zinataja mraba, na 22 ni namba ya eneo ndani ya mraba huo. Jina likibadilika, namba haibadiliki. Halmashauri inayoanza leo isibuni namba zake pekee bila kuweka nafasi ya namba hizi za kitaifa na za kimataifa, la sivyo baada ya miaka kumi hakuna atakayeweza kuunganisha daftari lake na la jirani.

Tulikopita na tusikopita

Ramani ya maeneo ya kale ya pwani, ukiitazama mara ya kwanza, inashawishi mno. Nukta zimejipanga ufukweni na visiwani, na bara kuko kimya. Ni rahisi kusema kwamba watu wa kale walipenda bahari na kuishia hapo. Lakini sehemu ya ukimya huo ni yetu wenyewe. Watafiti wa awali walifuata majengo ya mawe. Kazi maarufu ya Peter Garlake ya mwaka 1966 ilihusu usanifu wa majengo ya Kiislamu ya pwani, na wengi waliomfuata nao walitafuta misikiti, makaburi ya minara na nyumba za matumbawe, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyoonekana.

Kaskazini mwa Pemba, wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette waliifanya kazi kwa njia nyingine. Walitembea mashambani kwa mpangilio na kuchimba vishimo vidogo hata pale ambapo hapakuwa na ukuta wowote wa kuwaita. Walikuta vijiji vya nyumba za miti na udongo ambavyo havikuacha jiwe juu ya jiwe, vinavyojulikana kwa vigae tu. Watu wengi zaidi wa zamani waliishi katika vijiji vya namna hiyo kuliko katika majumba ya masultani, na ramani iliyowasahau ilikuwa imesahau walio wengi.

Hapa programu ya ramani inatupa nafasi ya kuwa wakweli. Kila timu inapotembea, simu au GPS inaweza kurekodi njia yake. Njia hizo ziwe tabaka la kudumu katika mfumo, na maeneo yaliyotembelewa bila kupata kitu nayo yachorwe. Kwa ofisa anayesoma ramani, kuna tofauti kubwa kati ya mahali tulipotafuta tukakosa na mahali ambapo hapana mtu aliyewahi kukanyaga kwa nia ya kutafuta. Penye jibu la kwanza anaweza kuruhusu ujenzi kwa tahadhari ya kawaida. Penye la pili anapaswa kuagiza upimaji kwanza. Mfumo usiotenganisha mambo haya mawili utatumika siku moja kama ushahidi kwamba hakuna kitu, mahali ambapo hakuna aliyeangalia.

Si kila nukta ni ya kila mtu

Tukifanikiwa kuweka kila kitu kwenye ramani, tunakuwa tumewarahisishia kazi wezi pia. Hilo si jambo la kudhania. Vigango, nguzo za kuchonga ambazo Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda huwasimikia wazee waliofariki, vimeibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alipiga picha vigango viwili vikiwa vimesimama bomani kwa wenyewe. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka mingi ilipita kabla hajavitambua katika makusanyo ya makumbusho mbili za Marekani, moja Illinois na nyingine Virginia. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya.

Tukio hilo lina mafunzo mawili, na yote mawili yanafaa kuongoza mfumo wetu. La kwanza: kilichovirudisha vigango ni picha iliyopigwa mahali panapojulikana, kabla ya wizi. Bila kumbukumbu hiyo, makumbusho zile zingekuwa na haki ya kuuliza ni nani anayesema vigango hivi ni vya kwao. La pili: kumbukumbu hiyo hiyo, ikiwekwa wazi kwa kila mtu huku nguzo zikiwa bado zimesimama, inamwongoza mwizi hadi mlangoni.

Misitu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, inadai uangalifu zaidi. Ndani yake mna sehemu ambazo wazee hawataki zionyeshwe, kama palipozikwa fingo, yaani kinga ya kaya, na matakwa yao ndiyo yaliyoihifadhi misitu hiyo muda wote huu. Programu inaruhusu ngazi tofauti za kuona. Mwananchi na mtalii wanaweza kuona kwamba katika mraba fulani wa kilomita kadhaa kuna urithi unaolindwa. Ofisa mipango anaona mpaka anaotakiwa kuuheshimu. Kilicho ndani ya mpaka kinabaki kwa wenyewe, na kama wazee wakisema kisiandikwe kabisa, kisiandikwe. Inatosha kuchora mpaka na kuandika kwamba ndani yake hapachimbwi bila idhini ya kaya.

Kadhalika mzee anayetuonyesha makaburi ya kale nyuma ya shamba lake aulizwe mapema taarifa yake itatumikaje na jina lake liandikwe au lisiandikwe. Huyo ndiye chanzo chetu. Akituamini leo, atapiga simu siku atakapoona mtu anapima eneo lile kwa kamba.

Daftari likae wilayani na kijijini

Kuna miradi mikubwa inayostahili pongezi. Mfumo uitwao Arches, uliobuniwa na Getty Conservation Institute pamoja na World Monuments Fund kwa ajili ya kumbukumbu za urithi, unatumika sasa katika nchi mbalimbali. Mradi wa MAEASaM, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge, unatumia picha za setilaiti na kumbukumbu za zamani kuorodhesha maeneo ya kale yaliyo hatarini katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Kazi hizi zinaziba pengo kubwa, na kila tunachokiandika kinapaswa kuweza kuingia humo.

Lakini kibali cha kujenga nyumba ya wageni karibu na magofu hakitolewi Cambridge. Kinatolewa halmashauri, na mara nyingi uamuzi wa mwanzo umeshafanyika kijijini. Uingereza yenyewe ilijifunza hilo mapema. Huko rejista za mambo ya kale hutunzwa katika ngazi ya kaunti na maeneo ya mipango, tangu Oxfordshire walipoanza katika miaka ya 1960, na kanuni za mipango zinamtaka mwombaji kibali awe ameangalia rejista hiyo. Nguvu yake imetokana na kukaa chumba kimoja na ofisa anayeamua.

Tanzania tuna mlango wetu wenyewe, na uko wazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakiwezesha kijiji kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi yake. Halmashauri ya kijiji inauandaa, mkutano mkuu wa kijiji unaupitisha. Katika mpango huo hutengwa makazi, kilimo, malisho, vyanzo vya maji na misitu. Hakuna kinachozuia maeneo ya kale kutengwa vivyo hivyo. Timu ya upimaji ikiwa tayari ipo kijijini na GPS mkononi, kuongeza magofu, makaburi ya kale, visima vya mawe na tanuri za chuma zilizoacha mavi ya chuma mashambani ni kazi ya siku chache tu. Wapi vilipo, wanakijiji wanajua.

Vijana wa kuifanya tunao. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro. Mwaka mmoja baadaye Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa droni, Unguja na Pemba, kazi iliyowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kijana aliyeweza kuchora mtaro wa Tandale anaweza kuchora ukuta wa msikiti wa kale. Kwa simu yenye programu ya QField, anajaza fomu ile ile iliyotengenezwa kwenye QGIS ofisini, anapiga picha, na jioni rekodi zake zinaingia kwenye faili kuu.

Faili hilo linahitaji mlezi. Mtu mmoja ofisini awe na jina lake kwenye kazi hiyo, nakala mbili zitunzwe sehemu mbili tofauti, na kila badiliko libebe tarehe na jina la aliyelifanya. Nakala moja iende makao makuu ya mambo ya kale kila baada ya muda uliokubaliwa. Mradi wa mfadhili una mwisho, na kompyuta iliyonunuliwa na mradi nayo ina mwisho. Kumbukumbu zilizohifadhiwa katika muundo wa wazi unaosomeka na programu yoyote, kama GeoPackage, zitaendelea kusomeka mashine ile itakapokuwa imekufa.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoamua kama kazi yote ilikuwa na maana. Tabaka la mambo ya kale lazima lifunguliwe kila ombi la kiwanja, barabara, machimbo ya mchanga au hoteli linapofika mezani, na ofisa aandike kwenye jalada kwamba ameliangalia na ameona nini. Bila kanuni hiyo tutakuwa tumehamisha kabati la ripoti kutoka kwenye mbao kwenda kwenye kompyuta. Tukiwa nayo, mazungumzo yatafanyika mapema, wakati ambapo mkandarasi hajaleta mtambo, mwekezaji hajalipa, na mwanakijiji hajabomolewa chochote. Wakati huo kuusogeza mstari wa barabara mita 100 ni kazi ya dakika moja kwenye skrini, haimkwazi mtu wala haihitaji bajeti, na barabara inapita huku mji wa kale ukibaki.